Amana ya Msafiri: Kuinuka na Kuanguka kwa Migahawa ya Howard Johnson

Katika wateja wote wafikao mlangoni pa mwuza chakula, hakuna aliye mnyonge kama msafiri. Mkazi wa mtaa akilishwa kibovu leo, kesho atarudi kulalamika, kesho kutwa atawaonya jirani zake, na haupiti mwezi mwuzaji atajikuta ameketi peke yake na masufuria yake. Lakini msafiri, ambaye gari lamngoja na mwendo wa saa sita ungali mbele yake, hula alichopewa, hulipa alichodaiwa, kisha huondoka, na pengine asipite tena mahali pale maisha yake yote. Kwa sababu hiyo kumpunja msafiri ni rahisi kuliko kumpunja mtu mwingine yeyote, na kwa sababu hiyo hiyo namna anavyotendewa ndiyo mizani ya haki ya kupimia tabia ya mfanyabiashara. Nataka leo kusimulia habari za mtu mmoja wa Marekani aliyetajirika kwa kumtendea mpita njia kama jirani, na habari za waliomrithi, ambao waliifilisi kazi yake kwa kumtendea hata jirani kama mpita njia. Maana naamini kisa hiki kina manufaa kwa kila aliyefungua, au anayenuia kufungua, nyumba ya chakula kando ya barabara yoyote duniani.

Mwaka 1925, katika kitongoji cha Wollaston, mjini Quincy, kusini kidogo ya Boston katika jimbo la Massachusetts, Howard Deering Johnson, kijana aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa na kurithi kwa baba yake biashara ya tumbaku iliyozama katika madeni, alichukua duka dogo la dawa lililouza pia magazeti, peremende na soda. Alipochungua ni kitu gani hasa kinachowaleta watu dukani, aliona ni aiskrimu, akaazimia kuitengeneza mwenyewe. Wala hakuifuata njia iliyozoeleka ya kupunguza malai ili senti ziongezeke, bali aliyazidisha, hata yasimuliwa kwamba mafuta ya maziwa yaliyokuwamo katika aiskrimu yake yalikuwa takriban mara mbili ya yale ya kawaida. Chema chajiuza. Wakati wa joto aliweka vibanda katika fukwe za jirani, watu wakapanga safu juani kumngoja, na ladha zikaongezwa moja baada ya moja hata zikafika 28, idadi ambayo baadaye ilikuwa kama nembo ya pili ya nyumba yake.

Mwaka 1929 alifungua mgahawa wake wa kwanza mjini Quincy, na hapo bahati ikamjia kwa mlango ambao hakuna mtu angaliudhania. Meya wa Boston alikuwa amepiga marufuku tamthilia ya Eugene O'Neill iitwayo Strange Interlude, akidai kuwa ni kinyume cha adabu; wenye tamthilia wakauhamishia mchezo wao Quincy, na kwa kuwa mchezo ule ulichukua saa nyingi mno, ilibidi ukatwe katikati ili watazamaji wapate kula chakula cha jioni. Hivyo matajiri na wasomi wa Boston, ambao pengine wasingalikanyaga mji ule wa wachonga mawe na waunda meli, walijikuta wameketi katika meza za Johnson, na waliporudi kwao walirudi na habari zake. Bahati hiyo haikudumu, kwani mwaka ule ule soko la hisa la New York liliporomoka, na benki zikawa hazina hata shilingi ya kumkopesha mtu aliyetaka kuongeza migahawa.

Ukosefu huo wa rasilmali ndio uliozaa fikra iliyomfanya mashuhuri. Mwaka 1935 alikubaliana na mtu mmoja wa mji wa Orleans, katika rasi ya Cape Cod, kwamba mtu yule ajenge mgahawa kwa fedha zake mwenyewe, autie jina la Howard Johnson, na chakula anunue kwa Johnson, kwa sharti kwamba kila kitu, tangu kimo cha kaunta hadi uzito wa bonge la aiskrimu, kiwe kama Johnson alivyoagiza. Mkataba wa namna hiyo leo umeenea dunia nzima, na makampuni mengi yauzayo vyakula na nguo huishi kwa huo. Lakini wakati ule ulikuwa jambo geni katika biashara ya migahawa, na ulimpa mtu asiye na mtaji uwezo wa kutandaza jina lake katika pwani yote ya mashariki ya Marekani kwa fedha za watu wengine. Ilipofika mwaka 1939 migahawa ilikuwa 107.

Ni vyema tutue hapa kidogo tuutazame ufundi wenyewe, maana humo ndimo ilimokuwa siri. Mapaa ya migahawa yale yalipakwa rangi ya chungwa iliyoiva, kwa sababu mtu aendeshaye gari kwa kasi huhitaji kuona mapema ili apunguze mwendo na kukata kona kwa salama, na rangi ile ilionekana toka mbali, mvua inyeshe au theluji ianguke. Juu ya paa palisimama kijumba kidogo chenye kielekeza upepo, mfano wa nyumba za kale za majimbo ya kaskazini mashariki, ili mgeni ahisi kwamba anaingia katika nyumba ya watu wenye heshima zao. Chakula hakikuanzwa pale pale. Kilitayarishwa katika jikoni kuu chache, kikagandishwa, kikapakiwa malorini, kikafika barabarani kikiwa kimebakiza kazi ndogo tu. Kwa njia hiyo baba aliyekula soseji zilizokaangwa kwa siagi karibu na Boston aliweza kuwaahidi watoto wake kwamba mchana wa kesho, maili mia tatu mbele, watazikuta zile zile, na ahadi yake isivunjike.

Chukua mfano wa kombe, wale wa maganda mawili wachimbwao matopeni maji yakupwapo. Watu wa pwani ya Massachusetts huwala kombe wa kukaanga pamoja na matumbo yao, nao husema utamu wote umo humo. Lakini mtu wa bara, ambaye hajapata kuonja kiumbe wa baharini ila samaki, hulitazama lile tumbo la kijivu lenye chembe za mchanga, akasukuma sahani. Johnson alipatana na ndugu wa ukoo wa Soffron, wa mji wa Ipswich, wamletee kombe wakubwa wa bahari kuu, walioondolewa matumbo, nyama yao imekatwa vipande virefu vyembamba kama utepe. Vipande hivyo vikachovywa katika unga, vikatumbukizwa katika mafuta yachemkayo, vikatoka vya rangi ya dhahabu, vikavu kwa nje na laini kwa ndani, havina mchanga wala la kutia shaka. Watoto waliozaliwa mbali na bahari wakavila kwa furaha. Pengine mtu wa Ipswich atasema kwamba huko ni kumnyang'anya kombe ukombe wake, nami sitashindana naye. Lakini aliyefanya hivyo alikuwa amejiuliza, kabla ya jambo lolote, mgeni wake anaogopa nini, kisha akaiondoa hofu ile. Huo ndio ukarimu uliogeuzwa kuwa kazi ya mikono.

Mwaka 1940 ilifunguliwa barabara kuu ya Pennsylvania, ile ya kulipia ushuru, ambayo haikukatiza mjini wala haikuwa na taa za kusimamisha magari, na Johnson akapewa haki ya kulisha wasafiri wake. Kisha vita vikaja. Petroli ikagawiwa kwa kibaba, matairi yakaadimika, magari yakalala majumbani, na migahawa iliyoishi kwa magari ikafungwa mmoja mmoja, hata ilipofika mwaka 1944 ilikuwa imebaki 12 tu. Mtu mwingine angalikata tamaa. Johnson alizigeuza jikoni zake ziwapikie wafanyakazi wa viwanda vya vita na wanajeshi, akasubiri. Na amani iliporejea, watu wakatoa magari yao, wakayaona mapaa ya chungwa, wakageuka kuingia kana kwamba hapakupita kitu. Mwaka 1954 migahawa ilikuwa kiasi cha 400, na mwaka ule ule ikafunguliwa nyumba ya kwanza ya kulala wageni wenye magari, huko Savannah, Georgia. Ilipoingia miaka ya 1960, hapakuwa na kampuni ya migahawa iliyoipita kwa ukubwa katika Marekani yote.

Walakini ahadi ya paa lile haikuwa ya watu wote, na hili halifai kusimuliwa kwa sauti ya chini. Mwezi wa Oktoba 1957 Komla Agbeli Gbedemah, Waziri wa Fedha wa Ghana, nchi iliyokuwa imejipatia uhuru wake Machi ya mwaka ule ule, alisimama katika mgahawa wa Howard Johnson huko Dover, jimbo la Delaware. Alifuatana na katibu wake, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi mpenda amani, ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam akaishi huko miaka mingi. Waliagiza juisi ya machungwa. Walijibiwa kwamba watu weusi hawaruhusiwi kunywea humo ndani, na juisi wakatiliwa wakanywee nje. Gbedemah akamtaka meneja, meneja akathibitisha kwamba ndivyo ilivyo. Waziri akaiacha juisi yake juu ya kaunta, akaiacha na chenji yake, akaondoka. Alikumbusha baadaye kwamba Richard Nixon, Makamu wa Rais wa Marekani, alipokwenda Ghana kwa sherehe za uhuru, alikaribishwa chakula nyumbani kwake. Habari zikaenea ulimwenguni, na Rais Eisenhower akalazimika kumwalika Gbedemah kustaftahi naye katika Ikulu ya White House.

Lakini Mmarekani mweusi asiye waziri hakualikwa popote. Familia ngapi zilisafiri usiku kucha na vikapu vya chakula cha baridi miguuni, zikiyapita mapaa yale yale yaliyowaahidi wengine raha! Ilibidi mwaka 1962 chama cha kutetea haki za raia cha CORE, kilichoongozwa na James Farmer, kianzishe harakati za kudai uhuru wa barabara kuu, na migahawa ya Howard Johnson ikawa miongoni mwa ile iliyolengwa kwanza. Huko Durham, North Carolina, watu waliandamana hadi mlangoni pa mgahawa wa Howard Johnson, wengi wao wanafunzi, wakakamatwa na polisi. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ndiyo iliyokata shauri. Nasema haya si kwa kutonesha kidonda cha kale, bali kwa sababu yanaonyesha kwamba amana ikibaguliwa huwa imekwisha kupasuka kabla ya mwenyewe kujua: anayejizoeza kumwambia mgeni mmoja kwamba yeye si mtu wa kuheshimiwa, amejifunza somo ambalo siku moja atalitumia kwa wageni wote.

Na siku hiyo ilikuja, ingawa ilikawia. Mwaka 1959 mzee Johnson alimkabidhi uongozi mwanawe, Howard B. Johnson, na mwaka 1961 hisa za kampuni zikauzwa hadharani. Haki yadai niseme kwamba mambo hayakuharibika mara moja. Mwaka 1960 mzee alikuwa amewaajiri wapishi wawili Wafaransa, Pierre Franey na Jacques Pépin, kutoka Le Pavillon, mkahawa uliotukuka New York na ambako yeye mwenyewe alizoea kula. Pépin, ambaye zamani alimpikia Charles de Gaulle, aliikataa nafasi ya kupika katika Ikulu ya Kennedy, akaenda kuanza kazi katika mgahawa wa Queens Boulevard akikaanga hambaga kama kijana yeyote wa jikoni, kisha akaingia jikoni kuu, ambako yeye na Franey walirudisha siagi mahali pa majarini, na vitunguu na viazi halisi mahali pa vile vilivyokaushwa au kugandishwa. Fikiri maana ya jambo hilo: mafundi waliozoea kupikia wakuu wa dola walitumwa kusahihisha mchuzi wa kombe atakaokula dereva wa lori. Pépin alidumu hapo miaka kiasi cha kumi, na mpaka leo hutaja kazi ile kwa heshima.

Lakini juu ya jikoni palikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa imehamia New York, mbali na mafuta yachemkayo. Wenye hisa walitaka faida ipande kila robo ya mwaka, nayo njia fupi ya kupandisha faida katika nyumba ya chakula ni ile ile iliyojulikana tangu zamani: mhudumu mmoja apewe meza za wawili, rangi ya paa ingoje mwaka ujao, kiti kilichochanika kishonwe badala ya kubadilishwa, sahani ipungue kidogo na bei izidi kidogo. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomkimbiza mteja siku hiyo hiyo. Ndiyo maana yana hatari, kwa kuwa daftari huonyesha akiba leo, na hasara huja baada ya miaka, ikiwa imekwisha sahau jina la babaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli. Lakini iko mali nyingine isiyoandikika daftarini, nayo ni ile itibari ya mtu ambaye, aonapo paa maili moja mbele, mguu wake huuacha mwendo bila ya kufikiri. Mali hiyo hupotea mbele ya macho ya washika daftari wenyewe, na daftari zao zimenyooka.

Mzee Johnson alifariki mwaka 1972, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda kwa ghafula, foleni zikajaa katika vituo vya petroli, na Wamarekani wakapunguza safari. Wakati huo huo McDonald's na wenziwe walikuwa wamewazoesha watu kula upesi na kwa bei ndogo. Kampuni ilikuwa na migahawa zaidi ya 1,000, lakini wingi huo ulikuwa kivuli cha jana. Mwaka 1980 iliingia mikononi mwa Imperial Group, kampuni ya Uingereza iliyokulia katika biashara ya tumbaku, kwa dola milioni 630 hivi. Miaka mitano baadaye Waingereza wale waliiuzia Marriott kwa nusu ya thamani hiyo. Marriott haikulitaka jina la mzee, ilitaka viwanja. Nyumba za kulala wageni ikaziuza, migahawa iliyobaki mikononi mwake ikaibomoa au kuigeuza, na wale waliokuwa wamekodi jina, walioachwa kama mayatima, wakaungana mwaka 1986 ili kuokoa kinachookoleka. Wakaanguka taratibu: ule wa Times Square ulifungwa mwaka 2005, wa Lake Placid mwaka 2015, wa Bangor, Maine, mwaka 2016, na wa mwisho, wa Lake George, New York, mwaka 2022. Jina limebaki katika hoteli za kulala tu, chini ya kampuni ya Wyndham.

Wapo wasemao kwamba kilichoiua kampuni hii ni bei ya mafuta, na wengine kwamba ni barabara mpya zilizojengwa kwa sheria ya 1956, au ni ushindani wa vyakula vya haraka. Siyakatai hayo yote, lakini nawauliza: Je, vita havikuwa vizito zaidi? Mwaka 1944 migahawa ilibaki 12, hali petroli iligawiwa kwa kibaba; na bado nyumba ile ilisimama tena, ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Misukosuko ya mwaka 1973 ilikuwa midogo kuliko ile, lakini nyumba haikusimama tena. Tofauti baina ya nyakati mbili hizo haikuwa katika ukubwa wa dhoruba, bali katika yale waliyoyakumbuka watu. Mwaka 1945 mtu alipotoa gari lake alikumbuka aiskrimu nzito na meza safi. Mwaka 1975 alikumbuka kungojeshwa, chakula kilichopoa, na hesabu iliyozidi. Dhoruba huonyesha tu nyumba ipi ilikuwa na deni kwa wateja wake na ipi ilikuwa inawadai mapenzi.

Nasi tuna barabara zetu. Yeyote aliyesafiri baina ya Dar es Salaam na Arusha anaijua shughuli ya Chalinze na Korogwe, na yeyote aliyetoka Mombasa kwenda Nairobi anaijua Mtito Andei: basi husimama, kondakta hutangaza dakika chache, abiria hushuka mbio, na mwuza chakula humtazama mtu ambaye hana nafasi ya kuchagua wala ya kugomba. Wapo katika sehemu hizo watu wenye ihsani, wanaomjazia mzee wa watu wali sahani yake na kumsaidia kupanda basi. Na wapo wengine ambao mazoea ya kuuza kwa wasiorudi yamewafisha haya. Kadiri barabara zinavyopanuka na tabaka la wenye magari linavyokua, bila shaka watatokea miongoni mwetu watu wa kujenga majina yatakayojulikana toka mji hata mji. Ningependa wajue tangu mwanzo kwamba wanauza kitu kimoja tu, nacho ni ahadi, na kwamba ahadi hiyo ina masharti matatu yaliyodhihirika katika kisa hiki.

La kwanza, ahadi iwe sawa kwa kila aingiaye, mwenye suti na mwenye kandambili, mwenyeji na mgeni, kwa sababu mlango unaobagua humfundisha mhudumu dharau, na dharau haijui kuishia kwa mtu mmoja. La pili, mwenye mali ale katika meza yake mwenyewe, tena ale bila kutangaza kwamba anakuja, maana siku tajiri anapoacha kula chakula anachokiuza ndiyo siku anapoanza kuongopewa na karatasi. La tatu, mwenye kuuza jina lake kwa watu walio mbali, wawe ni wenye hisa au wanunuzi wa kampuni nzima, akumbuke kwamba anawauzia pia imani ya watu wasiokuwapo mezani wakati wa kutia saini, na aweke katika mkataba ule ulinzi wa watu hao kama awekavyo ulinzi wa fedha zake.

Hayo si mambo ya ushairi wala ya sadaka. Ni hesabu, ila ni hesabu ya miaka mingi, ambayo mwenye haraka haimfai. Johnson alianza na deni na duka moja, akazidisha malai mahali ambapo kila mtu aliyapunguza, na kwa ziada hiyo ndogo akajenga nyumba elfu. Waliokuja baadaye walizikuta nyumba hizo elfu, wakayapunguza malai, na hawakuweza kulinda hata moja. Msafiri hana chama, hana wakili, wala hana diwani wa kumsemea barabarani. Ana kumbukumbu tu, nayo ni ndefu kuliko barabara, na ndiyo inayoamua nani atasimama na nani ataanguka.